Uzi maalumu: Kuandaa utumbo kabla ya kolonoskopi kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

MuuguziUyole

Heshima kwenu wanajukwaa.

Ninaandika uzi huu kwa ajili ya mkazi yeyote wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa au Rukwa ambaye amepewa tarehe ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na pia kwa ndugu atakayemsindikiza. Mimi ni muuguzi na kazi yangu ya kila siku iko katika chumba cha vipimo hivyo. Ninachotaka kukisema ni kwamba mafanikio ya kipimo hiki huamuliwa kwa sehemu kubwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, na kwamba nusu ya pili ya dawa ya kusafisha utumbo, ile inayonywewa alfajiri, ndiyo yenye kazi kubwa kuliko hatua nyingine yoyote. Kwa bahati mbaya ndiyo hiyo hiyo ambayo wagonjwa wengi wa ukanda wetu huikosa, kwa sababu saa za kuinywa wanakuwa njiani ndani ya basi.

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takribani mita 1.5, na ndani yake daktari anatafuta vitu vidogo sana. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama polipu, yaani kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani, ambacho huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Polipu ikionekana mapema huondolewa papo hapo kwa kamera ile ile, na mgonjwa anakuwa ameepushwa na ugonjwa kabla haujazaliwa. Hata hivyo, baadhi ya polipu ni bapa, zina rangi inayokaribiana na ya ukuta wa utumbo, na hukaa zaidi upande wa kulia, mahali ambapo uchafu hubaki kwa urahisi. Tabaka jembamba la kinyesi linatosha kuificha. Duniani kote, kwa mwaka 2022 pekee, watu takribani milioni 1.9 waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana na rektamu (sehemu yake ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa), na takribani 900,000 walifariki kwa sababu yake, kwa hiyo kipimo kisichoona vizuri ni hasara kubwa kwa mgonjwa hata pale anapoambiwa kwamba hakuna kilichoonekana.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Katika nchi nyingi ambako limechunguzwa, hadi mgonjwa 1 kati ya 4 hufika akiwa na utumbo ambao haujasafishika inavyotakiwa. Madaktari hupima usafi huo kwa mizani inayoitwa Boston, iliyochapishwa mwaka 2009. Utumbo hugawanywa sehemu 3, yaani kulia, katikati na kushoto, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya 6 au zaidi, pasipo sehemu yoyote kushuka chini ya 2, ndiyo inayohesabika kuwa inatosha. Mgonjwa ana haki ya kuuliza alipata alama ngapi, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloonyesha kama majibu yake ni ya kutegemewa au anahitaji kurudia mapema.

Sasa nirudi kwenye dawa ya alfajiri. Zamani ilikuwa kawaida kumwambia mgonjwa anywe lita zote 4 jioni, alale, kisha asubuhi aende hospitali. Utaratibu huo una kasoro inayotokana na mwili wenyewe. Mtu akimaliza dawa saa 3 usiku, huenda akawa safi kabisa ifikapo saa 6, lakini utumbo mwembamba hauachi kufanya kazi kwa sababu mwenyewe amelala. Unaendelea kushusha nyongo, ute na majimaji ya mmeng'enyo, na yote hayo huingia kwanza upande wa kulia wa utumbo mpana na kuacha utando mzito unaonata. Kadiri saa zinavyopita kati ya kikombe cha mwisho cha dawa na kipimo, ndivyo utando huo unavyoongezeka. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya na ya Marekani leo inakubaliana kwamba dawa igawanywe mara mbili: nusu inywewe jioni, na nusu ya pili ianze takribani saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo na imalizike angalau saa 2 kabla, ili tumbo liwe tupu wakati wa kupewa dawa ya usingizi.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye miadi ya saa 3 asubuhi. Nusu ya kwanza aianze saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Nusu ya pili aamke nayo kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, na ifikapo saa 1 asubuhi asiwe na kitu chochote kinachoingia mdomoni. Ninajua kwamba kuamka saa hizo katika baridi ya Juni au Julai si jambo jepesi, na ninajua pia kwamba anayetoka Makete, Ileje au Kyela hawezi kunywa lita 2 za dawa ya kuharisha kisha akapanda basi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekaa mbali ni kwamba nauli na malazi ya usiku mmoja mjini viingizwe kwenye hesabu ya kipimo tangu siku ya kwanza, sawa na gharama ya dawa yenyewe. Alale kwa ndugu au katika nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, yenye choo ndani ya chumba, na afike hapo kabla ya saa 10 jioni. Familia zinazochanga fedha za matibabu zisiache kipengele hiki, maana kulipia kipimo mara mbili ni ghali zaidi kuliko chumba cha usiku mmoja.

Kuhusu chakula, karatasi za maelekezo zinazogawiwa mara nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokula vyakula vingine kabisa, na mgonjwa wa Rungwe haoni humo hata kimoja anachokijua. Lengo ni kula vyakula visivyoacha makapi. Kwa siku 2 au 3 kabla, acha maharage, njegere, makande, ugali wa dona, karanga, mboga za majani za aina zote pamoja na majani ya maboga, na matunda yenye mbegu au nyuzi kama pasheni, mapera na matunda damu. Parachichi nalo, pamoja na kwamba ni laini mdomoni, lina nyuzinyuzi nyingi, hivyo liache. Mbegu ndogo za pasheni na za nyanya zinasumbua kwa namna ya pekee, kwa kuwa huziba njia ya kunyonyea maji iliyo ndani ya kamera, na daktari hulazimika kusimamisha kazi.

Siku ya kuamkia kipimo unaweza kula asubuhi na mchana, ila kidogo: wali mweupe, viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa, ugali wa sembe laini, mkate mweupe, mayai, samaki au kuku bila ngozi, na mchuzi uliochujwa usio na vipande vya nyanya wala kitunguu. Wenzangu wa Tukuyu watanisamehe, lakini ndizi za kupika ninawashauri waziache siku hiyo. Baada ya mlo wa mchana ni vinywaji vyepesi tu, yaani vile ambavyo ukivimimina kwenye glasi unaona upande wa pili: maji, chai ya rangi yenye sukari au asali, supu iliyochujwa vizuri, maji ya limau yaliyochujwa na soda isiyo na rangi. Uji, togwa, maziwa na mtindi havimo. Ulanzi, komoni na kimpumu vyote viachwe, kwa sababu vina machicha na pombe hukausha mwili wakati ambapo unapoteza maji mengi. Vinywaji vyekundu na vya zambarau navyo viepukwe, maana rangi yake ndani ya utumbo inaweza kudhaniwa kuwa damu.

Zamani watu walikatazwa kula siku nzima ya kuamkia kipimo. Tafiti zimeonyesha kwamba mlo mwepesi usio na makapi hausababishi utumbo kuwa mchafu zaidi kuliko kushinda na maji peke yake, na mgonjwa aliyekula mchana huwa na nguvu na nia ya kumaliza dawa usiku. Hospitali yako ikikupa utaratibu mkali zaidi, fuata wa hospitali, kwa sababu wao wanajua historia yako.

Maswali yanakaribishwa, nami nitajibu kadiri ya uwezo wangu.

---

BintiTukuyu

Shikamoo muuguzi, na asante kwa moyo wa kuandika yote haya. Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari na anatumia insulini, na kwa miaka mingi amekuwa akipata choo kigumu, wakati mwingine mara 2 tu kwa wiki. Amepewa kipimo hiki kwa sababu damu yake imekuwa ikipungua bila sababu kujulikana, na amekuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani choo kiko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni, na ngazi zake huteleza mvua inaponyesha, nanyi mnajua mvua za Rungwe zilivyo. Ninaogopa sukari yake kushuka usiku, na ninaogopa zaidi asije akaanguka. Naomba unielekeze.

---

MuuguziUyole

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumwangalia mama. Umegusa mambo ambayo kila moja lingestahili uzi wake.

Nianze na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hunaswa. Wagonjwa wanaotumwa kwetu kwa sababu ya upungufu wa damu ndio hao hao wanaomeza madini ya chuma, na chuma hufanya kinyesi kuwa cheusi na kunata ukutani kiasi kwamba maji hayakiondoi. Vidonge hivyo visimamishwe siku 5 hadi 7 kabla ya kipimo, kwa ridhaa ya daktari aliyeviandika. Visipotajwa kwenye karatasi ya maelekezo, wewe uliza.

Choo kigumu cha muda mrefu na kisukari ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za utumbo kutosafishika kwa utaratibu wa kawaida, kwa kuwa utumbo wa watu hao husukuma taratibu. Wengine walio katika kundi hilo ni wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, wenye ugonjwa wa Parkinson, na yeyote ambaye kipimo chake kilichopita kiliharibika kwa uchafu. Mtu wa namna hii hahitaji kukemewa wala kuambiwa ajitahidi zaidi. Anahitaji mpango mzito zaidi. Mwambie daktari waziwazi kwamba mama anapata choo mara 2 kwa wiki, ili aweze kumwongezea siku za mlo usio na makapi, kumpa dawa ya kulainisha choo siku kadhaa kabla, au kumwongezea vidonge vya bisakodili na kiasi kikubwa zaidi cha dawa ya maji. Hayo yote lazima yaandikwe na daktari, usiyanunue mwenyewe.

Kuhusu sukari, omba miadi ya kwanza ya asubuhi ili muda wa kukaa bila chakula uwe mfupi. Insulini ya muda mrefu kwa kawaida hupunguzwa na haiachwi kabisa, ilhali ile inayochomwa kwa ajili ya mlo haichomwi pasipo mlo, lakini kiwango halisi lazima kitoke kwa daktari wake na kiandikwe kwenye karatasi kabla hamjaondoka kliniki. Usiku huo mpime sukari kila baada ya saa chache, na uwe na chai ya rangi yenye sukari au maji ya glukosi karibu. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, mpe kinywaji hicho mara moja bila kuogopa kuharibu kipimo, na baadaye utujulishe. Ulizeni pia kuhusu dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, maana mwili tayari unapoteza maji.

Suala la choo cha nje nalichukulia kwa uzito sawa na dawa. Mzee aliyechoka, aliyepungukiwa maji, anayekimbia gizani kwenye ngazi zenye utelezi, anaweza kuvunjika nyonga, na hilo ni kubwa kuliko kile kilichompeleka hospitali. Kama hamwezi kulala mjini, wekeni ndani ya chumba chake ndoo yenye kifuniko na kiti imara kilichotobolewa katikati au kiti cha choo cha kuazima, taa iwake usiku kucha, na mtu mmoja alale naye chumba hicho. Ndoo hiyo iwe na maji kidogo chini ili kuisafisha kuwe rahisi. Kabla ya kuanza dawa mpake mafuta ya mgando sehemu ya haja kubwa, na msafishe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini badala ya karatasi, kwa sababu kufikia mara ya 8 au ya 10 ngozi huwa imechubuka na wengi huacha dawa kwa sababu ya maumivu hayo wakiona aibu kuyasema.

---

MwalimuMafinga

Nashukuru kwa elimu hii. Mimi nilipimwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nikapewa pakiti za dawa na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiingereza tupu, pasipo mtu yeyote kunieleza chochote. Dawa ilinishinda kwenye kikombe cha sita, nikaanza kutapika, na asubuhi yake niliambiwa kwamba utumbo haukuonekana vizuri. Nimepangiwa kurudia. Je, kuna namna ya kuifanya dawa ile inyweke? Na kama kutapika kutanirudia, nifanye nini?

---

MuuguziUyole

Mwalimu, pole sana. Kumpa mgonjwa pakiti pasipo maelezo ni kumwachia kazi isiyo yake. Katika mambo yote yaliyojaribiwa ili kuboresha maandalizi haya, kumweleza mgonjwa kwa mdomo na kwa maandishi ya lugha anayoielewa, kisha kumkumbusha kwa simu au ujumbe mfupi siku moja au mbili kabla, ni miongoni mwa yaliyoonyesha matokeo mazuri, na ni ya bei ndogo kuliko dawa yoyote mpya. Kwa hiyo unaporudi, usiondoke dirishani kabla hujaelezwa kwa Kiswahili saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na namba ya simu ya kupiga usiku mambo yakikwama.

Dawa hiyo ina ladha ya chumvi, na wengi humudu zaidi ikiwa baridi. Ichanganye mapema mchana kwa maji kamili yaliyoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya uvuguvugu, kisha iache ipoe au iweke kwenye friji. Kunywa glasi ya mililita 250 kila baada ya dakika 10 hadi 15, kwa mrija unaofika nyuma ya ulimi, na baada ya kila glasi lamba kipande cha limau au meza funda la maji ya tangawizi yaliyochujwa. Usikae umejikunja kitandani. Tembea taratibu ndani ya nyumba, maana kutembea husaidia dawa kushuka badala ya kujaa tumboni. Ukihisi kichefuchefu, acha kunywa kwa dakika 30 hivi kisha endelea kunywa polepole. Dawa ya kuzuia kutapika inaweza kuandikwa na daktari kwa mtu ambaye tayari tunajua historia yake, nawe umeshakuwa mmoja wao, hivyo iombe.

Yapo mazingira ambayo unapaswa kuacha kabisa na kupiga simu au kwenda hospitali usiku huo huo: kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba na kuuma sana huku choo hakitoki, damu nyingi, au kizunguzungu kinachokufanya ushindwe kusimama. Mtu ambaye utumbo wake umeziba hatakiwi kunywa dawa hii hata kidogo.

---

MfamasiaNjombe

Naomba kuongezea upande wa dawa zenyewe, kwa kuwa nimeona watu wakifika dukani na kuomba "dawa yoyote ya kuharisha" kwa ajili ya kipimo hiki, jambo ambalo ni la hatari.

Dawa inayotumika zaidi ni polietilini glaikoli, inayofupishwa PEG, iliyochanganywa na chumvi maalumu. Ilitengenezwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1980, na ubora wake ni kwamba hupita kwenye utumbo bila kunyonywa kwa kiasi cha maana na bila kuvuta maji mengi kutoka mwilini, ndiyo maana hupewa hata wagonjwa wa moyo na figo chini ya uangalizi. Zipo za lita 4 na zipo za lita 2 zilizoongezewa viambato vingine kama vitamini C. Kwa mtu asiye na sababu za kukwamisha maandalizi, lita 2 zilizogawanywa vizuri zinatosha, na wengi huzimaliza. Ikishachanganywa na kuwekwa kwenye friji, nyingi za aina hii hutakiwa kutumika ndani ya saa 48, lakini soma pakiti yako. Jambo la msingi ni kwamba usipunguze maji ili unywe kidogo, na usiongeze sukari wala glukosi ndani ya dawa.

Dawa za fosfeti ya sodiamu ni za kujihadhari nazo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitolea onyo kali kwa sababu zinaweza kuharibu figo, hasa kwa wazee, wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu au za maumivu. Dawa zenye magnesiamu nazo hazimfai mwenye figo dhaifu. Manitoli, ambayo bado inatumika mahali pengine kwa sababu ya bei, huliwa na bakteria wa utumbo na kuzalisha gesi ya haidrojeni. Mwaka 1979 iliripotiwa ajali ya mlipuko ndani ya utumbo uliosababisha kifo, wakati polipu ikikatwa kwa umeme kwa mgonjwa aliyeandaliwa kwa manitoli. Ukipewa manitoli, mjulishe daktari wa kamera kabla ya kipimo, asije akatumia kifaa cha umeme bila kujua.

Kuna pia simethikoni, ambayo haisafishi, bali huvunja mapovu yanayoziba kioo cha kamera. Baadhi ya madaktari huiongeza kwenye nusu ya pili. Mwisho, kidonge chochote utakachomeza ndani ya saa 1 kabla ya kuanza dawa ya kusafisha kinaweza kutolewa nje pamoja na maji kabla hakijanyonywa. Wenye kifafa na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wapange saa zao kwa kuuliza.

---

MkulimaMakete

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Wazee wetu wana mizizi ya kusafisha tumbo inayoharisha vikali, na wengine hupendekeza bomba la maji ya sabuni. Je, haviwezi kutosha, hasa kwa sisi ambao dawa ya dukani ni ghali? Na kunywa lita 4 za maji ya baridi huku Julai ni mateso ya kweli.

---

MuuguziUyole

Mkulima, siidharau mizizi ya wazee, lakini kwa kazi hii haifai. Hakuna anayejua kipimo cha kilichomo, na kuharisha vikali si sawa na kusafishika. Dawa inayochokoza ukuta wa utumbo inaweza kuuacha ukiwa mwekundu na kumfanya daktari adhani ameona ugonjwa, na pia humwondolea mtu maji na chumvi bila kuzirudisha. Kuhusu bomba, hilo husafisha sehemu ya mwisho tu, upande wa kushoto chini, wakati tatizo letu kubwa liko kulia, mbali kabisa na linapofika. Sabuni nayo huunguza utando wa ndani. Kama bei ya dawa ndiyo kikwazo, liseme hilo siku ya kupewa miadi, ili utafutiwe aina nyingine iliyo salama kwako.

Baridi ni hoja ya kweli na haitajwi popote. Nilimwambia Mwalimu aipoze kwa ajili ya ladha, lakini kwa mzee, au kwa yeyote anayeanza kutetemeka, hakuna ulazima wowote. Inywewe ikiwa na joto la chumbani, mtu avae soksi na koti, na katikati ya glasi anywe chai ya rangi ya moto. Msiwashe jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa, kwa sababu hewa yake inaua.

---

MkaziTunduma

Mimi nimepangiwa saa 8 mchana. Je, ninahitaji kuamka usiku? Pia mjomba wangu anatumia warfarini, aiache?

---

MuuguziUyole

Kwa miadi ya saa 8 mchana huhitaji kuamka usiku. Nusu ya pili ianze kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi na imalizike kabla ya saa 6 mchana. Baadhi ya hospitali huruhusu mwenye miadi ya mchana kunywa dawa yote asubuhi hiyo hiyo, na matokeo yake ni mazuri, ila ukae karibu na hospitali. Wanaotoka mbali na wasio na mahali pa kulala wanaweza kuomba miadi ya mchana kwa sababu hiyo.

Warfarini, klopidogreli na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda mjomba asiziache mwenyewe hata siku moja. Kuziacha kunaweza kuleta kiharusi, na kuendelea nazo kunaweza kuleta damu nyingi polipu ikikatwa, hivyo uamuzi ni wa daktari wa moyo na wa kamera kwa pamoja.

---

BintiTukuyu

Asante sana, muuguzi. Tumeamua mama alale kwa shangazi Mwanjelwa. Swali la mwisho: nitajuaje asubuhi kwamba amesafishika?

---

MuuguziUyole

Mwanangu, tazama kinachotoka mara 2 za mwisho. Kinatakiwa kiwe maji ya njano hafifu yanayoonyesha chini ya ndoo, yanayofanana na mkojo, na vijipande vichache vinavyoelea havina shida. Kikiwa na rangi ya kahawia, kizito, au huoni chini, mama bado. Msirudi nyumbani na msinyamaze kwa kuhofia kufukuzwa. Mwambie muuguzi wa kwanza mtakayemkuta mlangoni, kabla mama hajavuliwa nguo wala kuchomwa dawa ya usingizi, na umwambie saa alipomaliza kunywa na kiasi kilichobaki. Saa hiyo bado inawezekana kumwongezea dawa na kumsogeza hadi mchana, au kumlaza na kumpima kesho yake. Nenda na kilichobaki cha dawa ndani ya chombo chake, pamoja na kipima sukari na karatasi ya insulini.

Na siku ya kutoka, uliza alama za Boston za kila sehemu na uzihifadhi pamoja na ripoti. Kama hazikutosha, kipimo kinapaswa kurudiwa ndani ya mwaka 1, au mapema zaidi ikiwa daktari aliona jambo la kutilia shaka. Kwa mama, ambaye damu yake inapungua na sababu bado haijulikani, waulize kama inawezekana kurudia bila kusubiri muda huo wote.